Mkunjo wa Kwanza: Kumsoma Paulus Gerdes Jikoni Unguja

Nina ugomvi wa muda mrefu na kitabu ninachokipenda. Kinaitwa Geometry from Africa, cha Paulus Gerdes, kilichapishwa Marekani mwaka 1999. Nimekisoma mara tatu. Mara mbili za mwanzo nilikuwa naitikia kwa kichwa kila ukurasa. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa jikoni kwetu Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, alasiri ya Ramadhani, watu wamezunguka sinia wanakunja sambusa, na hapo kichwa kikagoma kuitikia.

Nianze kwa kumpa mtu haki yake. Gerdes alizaliwa Uholanzi mwaka 1952, akahamia Msumbiji muda mfupi baada ya nchi hiyo kupata uhuru, akafundisha huko mpaka alipofariki mwaka 2014. Wakati shule zetu nyingi zilikuwa zikifundisha jiometri kama kitu kilichoshuka melini pamoja na chaki, yeye alikaa chini na wasusi wa vikapu akatazama mikono yao. Katika kitabu hiki anachukua kifungo cha kusukwa, cha mraba, anakigeuza-geuza kidogo, na kabla hujajua umefikishwa kwenye kanuni ya Pythagoras. Anatazama ususi wa matundu ya pembe sita wa kaskazini mwa Msumbiji na kuuliza: pembe hii ya nyuzi 60 imetoka wapi? Sisi wa Unguja hatuna haja ya kusafiri kuiona. Nenda pwani yoyote yenye wavuvi, tazama dema lililoanikwa juani. Matundu yake ni yale yale, pembe sita, safu kwa safu. Jibu la Gerdes ni zuri: pembe ile haikuletwa na mtu mwenye rula. Imetokana na fito zenyewe, na namna zinavyokubali kupishana na kushikana zisiteleze.

Mpaka hapo tuko pamoja. Ugomvi unaanzia kwenye wazo alilolibeba tangu maandishi yake ya miaka ya 1980. Kwa maneno yangu, anasema hivi: ndani ya kikapu kuna hisabati iliyoganda. Aliyeivumbua mbinu ya kusuka, huyo alifikiri kihisabati. Anayeirudia leo, kama alivyofundishwa na mama yake, kwa kawaida hafanyi hisabati ya maana. Anaiga tu. Kazi ya msomi ni kuja na moto wa kuiyeyusha ile barafu.

Msomaji wa fasihi asinikimbie hapa akidhani amepotea njia. Swali la kama anayeiga umbo anafikiri au hafikiri ni letu pia. Tumeligombania kwa miaka 50 tukijadili vina na mizani. Lakini kwanza tukunje karatasi.

Karatasi haiongezwi

Sheria ya kukunja ni fupi: hukati, huungi, huongezi. Ulichonacho ni hicho kipande bapa, na chochote kitakachosimama kitatokana na namna ulivyokigawa. Hata kukigawa kuna mipaka. Mwaka 1827 Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha jambo ambalo mmenya chungwa yeyote analijua kwa vidole: ganda la kitu cha mviringo halilali bapa bila kuchanika. Geuza upande wa pili: karatasi bapa haiwi mpira bila kukunjamana vibaya. Inaweza kuwa bomba. Inaweza kuwa koni. Inaweza kuwa chochote chenye kuta bapa na mikunjo iliyonyooka. Mpira, hapana.

Koni ndiyo tunayoijua zaidi, kwa sababu ndani yake tumekula karanga tangu utotoni. Muuza karanga anachana ukurasa wa daftari au gazeti, anashika kona moja, anazungusha, anakunja ncha ya chini isifunguke, anajaza. Tazama anachokichezea pale. Chukua karatasi iliyokatwa robo ya duara, yenye urefu wa sentimita 20 kutoka ncha hadi ukingo. Ukiifunga ukingo kwa ukingo unapata koni yenye kimo cha sentimita 19.4 na ujazo wa karibu nusu lita. Sasa ikaze karatasi ile ile ijizungushe mara mbili. Kimo kinakuwa sentimita 19.8. Ujazo unashuka hadi mililita 130 hivi. Yaani koni imerefuka kwa chini ya nusu sentimita, na karanga zimebaki robo! Bei ya karanga ikipanda, mkono wa muuzaji unakaza, na mteja anaona kikaratasi kirefu kile kile. Sidhani kama kuna mtu aliyemwonyesha hesabu hiyo ubaoni. Lakini ukimwambia anaiga tu, atakucheka, kisha atakukazia na chako.

Nusu duara

Sasa sambusa. Kwetu manda zilipikwa nyumbani: madonge ya unga wa ngano yanasukumwa, yanapakwa mafuta na kunyunyizwa unga, yanabebanishwa, yanasukumwa tena pamoja, yanapita juu ya chuma cha moto, halafu yanabanduliwa moja moja yakiwa bado na joto. Bibi alikata kila duara katikati. Nusu duara ina nyuzi 180 pale kati ya ukingo ulionyooka. Anakunja theluthi ya kwanza, anakunja ya pili juu yake, anapaka gundi ya unga, anabana. Nyuzi 60 mbele, nyuzi 60 nyuma, na nyuzi 60 za mwisho ni mlango unaofunika uso mzima.

Kwa maneno mengine, sambusa ni koni ya karanga iliyolazwa. Ubora wake wote umo kwenye mkunjo wa kwanza. Ukianza na nyuzi 70, mbele na nyuma zinakula 140, mlango unabaki na 40, haufiki ukingo wa pili. Sambusa hiyo itafunguka kwenye mafuta na nyama itaelea. Ukianza na 50, mlango unabaki na 80, unazidi uso na kugeuka upande wa nyuma, na unga unakuwa mnene hauivi sawasawa. Kuna mwanya mdogo sana wa kukosea. Nilipokuwa kidato cha pili nilichukua kipimapembe nikapima sambusa 10 za Bibi kabla hazijakaangwa. Hakuna iliyopita 62 wala kushuka chini ya 58.

"We mtoto," akaniambia, "unazipima au unazifungulia swaumu?"

Gerdes angenijibu kwa upole: ndiyo, mkono umezoea. Mazoea si fikra. Na mpaka hapo sina cha kumjibu. Mkono uliozoea ndivyo ulivyo.

Manda za dukani

Lakini mwaka mmoja Bibi aliumwa mkono, na mtu akenda kununua manda za pakiti. Zilikuwa za mashine, na zilikuwa zimekatwa mistatili mirefu. Bibi alifungua pakiti, akashika moja, akaigeuza, akaiweka chini.

"Hizi zimekatwa na nani?"

Mamkubwa akasema ndivyo zinavyouzwa, sasa hivi kila mtu anazitumia hizo.

Bibi akaichukua tena. Akaikunja kona ikaangukia ukingo wa pili, njia rahisi kuliko zote, inayotoa nyuzi 45. Akaendelea kukunja mpaka mwisho, akaitazama pembetatu ile yenye kona moja pana na mbili kali. "Hii bendera," akasema, akaikunjua. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa kwa miaka mingi. Alikunja kona kwa kukisia tu. Halafu akakunja tena, safari hii akiuleta ukingo mpaka ukalala juu ya mkunjo uliotangulia. Akageuza. Ukingo juu ya mkunjo. Akageuza tena. Mara hii kushoto, mara ile kulia, mpaka manda ikaisha. Akazikata zile pembetatu za mwanzo, akazitupa pembeni, akaiweka ya mwisho katikati ya sinia. "Haya, fateni hii." Pande zake tatu zilikuwa sawa.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mbinu hiyo kwenye maandishi ya wakunjaji karatasi. Inahusishwa na mwalimu wa Kijapani, Shuzo Fujimoto. Siri yake ni hii: kila unapouleta ukingo juu ya mkunjo, pembe mpya inakuwa nusu ya kilichobaki kwenye nyuzi 180. Ukianza na 70, inayofuata ni 55. Kisha 62.5. Kisha 58.75. Kosa linapungua nusu kila hatua, mara juu, mara chini, na linaelekea 60 utake usitake. Huhitaji kupima chochote. Unahitaji kujua tu kwamba kukunja tena kunasahihisha, na kujua wakati wa kusimama.

Sasa naomba mtu aniambie: siku ile jikoni, nani alikuwa anaiga? Hakuna aliyemfundisha Bibi manda za mstatili, kwa sababu utotoni mwake hazikuwepo. Alikuwa na umbo alilorithi, alikuwa na kitu kigeni mkononi, na alilazimika kulitafuta umbo lile ndani ya kitu kile. Kama hiyo si hisabati, basi neno hilo tuwaachie wenye vyeti.

Hapo ndipo ninapoona kasoro katika wazo la barafu. Linadhani vitu havibadiliki. Linadhani ukindu wa mwaka huu ni sawa na wa mwaka jana, na unga ni ule ule, na anayerudia anarudia jambo moja. Msusi yeyote wa ukili angemkatalia. Chukua kawa la kufunikia chakula, lile lililochongoka kama paa. Ukili ni ukanda bapa, unashonwa kwa kuzungushwa, raundi juu ya raundi. Ikiwa kila raundi inaizidi iliyotangulia kwa mara 6 na ushee ya upana wa ukili, unapata duara bapa, kama mkeka mdogo wa mviringo. Ikiwa haizidi kitu, unapata bomba. Kawa linakaa katikati. Ukiongeza kwa mara 3 hivi, kawa lako litakuwa na umbo la koni inayofungwa kutokana na nusu duara, ndugu yake sambusa. Ukipitisha ile 6 na ushee, kingo zinaanza kufanya mawimbi. Na ukili haushonwi na mashine. Huu umekazwa zaidi, ule umelegea, huu umekauka njiani. Kila raundi mkono unauliza upya: nivute au niachie? Methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi tumeipeleka yote kwenye malezi ya watoto, tukasahau kwamba kabla ya hapo ni neno la mtu anayejua kwamba kitu kina saa yake ya kukubali kupindwa.

Mizani 16

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani isiyofuata vina na mizani, na vita vikawaka. Upande mmoja ukasema arudhi ni pingu: mshairi anapewa mishororo 4, mizani 16 kila mshororo, 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho, halafu anajaza maneno kama mtu anayejaza fomu ya serikali. Upande wa pili ukajibu kwamba asiye na vina na mizani si mshairi, na aliye navyo ndiye.

Nikiwasoma leo naona pande zote mbili zilikubaliana na Gerdes bila kumjua. Zote ziliamini kwamba umbo limeganda. Mmoja alitaka kuivunja barafu, mwingine aliisifu kwa ugumu wake. Wachache waliuliza swali la Bibi: hii imekatwa na nani, na mimi nikunje vipi?

Abdilatif Abdalla aliuliza. Alifungwa Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya maandishi ya kisiasa, na mashairi ya Sauti ya Dhiki, kilichotoka 1973, aliyaandika gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yamefuata arudhi. Kama arudhi ni fomu ya kujaza, mtu aliye kwenye hali ile angeitupa kwanza. Lakini fikiria: karatasi ni chache, hujui kesho zitakutwa au hazitakutwa, na una jambo kubwa la kusema. Umbo unalolijua kwa moyo, lenye vina vinavyokukumbusha kilichofuata hata karatasi ikipotea, halikufungi. Linakubebea. Mizani 16 ni karatasi usiyoongezewa, na mshairi anachofanya ni kugawa.

Na hapa nyumbani tulikuwa na Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu mwaka 1933, aliyefariki 2021. Diwani yake ya Kimbunga ilitolewa na TUKI mwaka 1994. Si mtu wa vyuo vikuu. Alikuwa mtu wa bahari na kazi za mikono, na watu wengi walimpa sifa ile yenye sumu ndani, kwamba ni "hazina ya mapokeo". Hazina ni kitu kinachofukiwa. Soma mashairi yake na utaona mtu anayekunja. Anachukua jambo linaloonekana bapa, dhoruba, mti, mnyama, analikunja mara mbili tatu, na ghafla lina ndani na nje. Lugha yetu inalijua hilo vizuri kuliko nadharia yoyote: kufumba ni kufunga, fumbo ni kilichofungwa, kufumbua ni kukifungua. Mwalimu akishakwambia dhoruba ile ni kitu fulani, kwisha, sahihisha, tupite swali la pili, amekukunjulia manda mezani. Mikunjo unaiona. Nyama imemwagika.

Msomaji mzuri anakunjua na kukunja tena. Jaribu na karatasi yoyote: ikunje nusu, halafu nusu tena, kisha ifungue. Katikati kuna mikunjo 4. Mitatu inazama kama bonde na mmoja unatokeza kama mlima, au kinyume chake. Hutapata 2 kwa 2, hata ujaribu mchana kutwa. Wajapani wana kanuni yake, wanaiita kwa jina la Jun Maekawa: karatasi ikilala bapa, milima na mabonde yanayokutana kwenye nukta moja hutofautiana kwa 2 daima. Ninachokipenda ni kwamba unaigundua kanuni hii baada ya kukunjua tu. Karatasi iliyofungwa haikuonyeshi. Na karatasi ambayo haijawahi kukunjwa haina cha kukuonyesha.

Anapokuwa sahihi

Nisije nikamdhulumu Gerdes. Kuna jambo yuko sahihi, na linauma. Bibi alijua kwamba kukunja tena kunasahihisha, ila hakutuambia kwa nini. Alisema "fateni hii" na sisi tukafata. Uthibitisho, ile hatua ya kusema kwamba itakuwa hivi kwa ukanda wowote, upana wowote, kosa lolote la mwanzo, ni kazi nyingine, na ina thamani yake. Mwaka 1893 kule Madras, Sundara Row alichapisha kitabu kizima cha jiometri ya kukunja karatasi, wazo alilolipata kutokana na mchezo wa watoto wa shule za awali. Kilivuka bahari mpaka Ulaya kwa sababu kilikuwa kitabu. Sambusa nayo imevuka bahari hiyo hiyo, karne nyingi kabla, na hakuna anayejua mikono iliyoikunja. Maarifa yasiyosemwa yanasafiri mbali, lakini yakikatika hayana pa kuanzia upya. Gerdes aliliogopa hilo, akaandika. Bila yeye na wenzake nisingekuwa na lugha ya kugombana naye.

Kwa hiyo nakisifu kitabu, kisomwe, na kingetafsiriwa kwa Kiswahili ningekuwa wa kwanza kukinunua. Ninachoomba ni sentensi moja tu irekebishwe. Tusimpe sifa yote ya kufikiri yule babu wa kwanza tusiyemjua jina, halafu bibi tunayemjua tukamwachia sifa ya kukumbuka.

Bibi alishatangulia mbele ya haki. Ramadhani iliyopita nilinunua pakiti ya manda Darajani, za mstatili, nikakaa mbele ya sinia. Kanuni ninaijua: toa kwenye 180, gawa kwa 2, rudia. Nimeiandika nyuma ya jalada la kitabu cha Gerdes. Nikakunja sambusa 12. Zilizotoka ni bendera 9, na 3 zilizofunguka kwenye mafuta.

Mamkubwa alizitazama, akachukua manda moja, akaanza.